Kagua Boksi Kabla ya Kumkagua Nyoka

Hotuba kwa wanafunzi wa klabu ya mazingira, wazazi na wafugaji, Tabora mjini

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka akina mama. Walimu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo?

Mwalimu mlezi wa klabu aliponiomba nije kuzungumza habari za nyoka, alinitumia kwa simu maswali mliyoandika ninyi wenyewe. Nilidhani mengi yatakuwa ya sumu, kwa sababu ndiyo watu huuliza siku zote: kifutu akiuma ufanye nini, koboko anakimbiza mtu kweli? Kumbe mengi ni ya chakula. "Chatu wa jirani yetu hataki kula tangu Mei, anaumwa?" "Nimeona video ya nyoka aliyemeza taulo, ni kweli?" "Nyoka anaweza kujila mwenyewe?" Na moja, limeandikwa kwa mwandiko wa mtu mzima, lauliza kama nyoka hunyonya ng'ombe usiku. Hilo nitalifikia mwishoni.

Mimi ni daktari wa mifugo. Siku zangu nyingi zinaishia kwenye ng'ombe, mbuzi na kuku wenye kideri. Lakini maswali yenu ni ya kidaktari kabisa, maana yote yanamhusu mnyama aliye mikononi mwa binadamu, na mnyama wa namna hiyo anakula kile ambacho binadamu amemwezesha kula.

Kwanza niliseme la sheria nilimalize. Nyoka ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huwezi kumwokota msituni ukamtia kwenye ndoo ukasema unafuga. Lazima uwe na kibali, na chatu yumo pia kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini. Kwa hiyo kijana mwenye chatu asiye na karatasi, kabla hujaniuliza kwa nini hali chakula, nenda ukazungumze na watu wa wanyamapori. Wazee wetu Wayeye wana historia yao na nyoka, wamewacheza na kuwatibu walioumwa nao tangu kabla ya reli kufika hapa, na ninawaona wawili watatu wameketi pale mbele. Katika kumshika nyoka wao ndio walimu, mimi mwanafunzi. Leo nitabaki kwenye tumbo lake.

Jambo langu ni moja. Ukiona nyoka wa kufugwa anakula vya ajabu, au hataki kula kabisa, mara nyingi nyoka mwenyewe ni mzima. Kilichoharibika ni boksi: joto lake, harufu zake, ukubwa wake, na mkono unaoingia humo kila saa kumsumbua.

Tuanze na taulo, maana ndilo lililowachekesha. Ni kweli. Mwaka 2020, Sydney, Australia, chatu wa kufugwa mwenye urefu wa mita tatu alipelekwa hospitali ya wanyama akiwa na taulo zima la ufukweni tumboni. Madaktari walimlaza kwa dawa, wakaingiza kamera nyembamba kupitia kinywani, wakalishika taulo kwa koleo refu, wakalivuta taratibu mpaka likatoka lote. Chatu alirudi nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka 2006, katika jimbo la Idaho huko Marekani, chatu mwingine wa mita tatu na nusu hivi alimeza blanketi la umeme. Si blanketi la mtoto, ni la kitanda kikubwa, pamoja na waya wake na kile kiboksi cha kupunguza na kuongeza joto. Huyo alipasuliwa, na yeye pia akapona.

Mtu akisikia hayo husema: nyoka ana uroho. Nyoka hana uroho. Tumtazame anavyotambua chakula.

Macho yake hayamsaidii sana. Anayemtegemea ni ulimi. Ule ulimi wenye pacha hauonji wala haumi. Unakusanya chembe za harufu hewani na ardhini, kisha zinafikishwa kwenye vitundu viwili vilivyo kwenye paa la kinywa, panapoitwa kiungo cha Jacobson. Hapo ndipo anaposoma: hapa amepita panya, amepita upande huu. Chatu ana nyongeza. Kwenye midomo yake kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto. Gizani kabisa, panya mwenye damu ya moto anajitokeza mbele yake kama kitu chenye joto kuliko hewa inayokizunguka. Harufu ya panya, joto, na kitu kinachotikisika: vitatu hivyo vikikutana, kichwa kinaruka. Hakuna kikao cha kujadili kama kile ni panya au ni shuka.

Sasa rudini kwenye lile blanketi la umeme. Ni la moto, tena lilikuwa humo humo ndani anamolishiwa sungura. Inatosha sungura ajiviringishe kwenye kitambaa, au kitambaa kishike harufu ya sungura, chatu aanze kumeza upande mmoja. Na akishaanza, kurudi nyuma ni kazi. Meno yake yamepinda kuelekea kooni. Taya la chini halikuunganishwa kidevuni kwa mfupa, limeunganishwa kwa ukano unaovutika, kwa hiyo upande wa kulia unasogea mbele na kushika, kisha wa kushoto unasogea na kushika, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani kwa mikono miwili. Watu husema nyoka hutegua taya. Hategui chochote, ndivyo lilivyoumbwa. Kitambaa kikishaingia kwenye mashine ile kinakwenda ndani, kwa sababu kila jino linasema ndani.

Kwa hiyo daktari wa Idaho alikuwa na mgonjwa tumboni mwake mna blanketi, lakini kosa halikuwa tumboni. Kosa lilikuwa kumlisha mahali palipo na kitambaa.

Kuna kisa kingine cha Australia, hiki cha nyoka wa porini aliyekuwa akitembelea mabanda ya kuku. Mwenye kuku alikuwa ameweka mipira ya gofu kwenye viota ili kuku watamani kutaga. Nyoka akapita, akakuta vitu vyeupe, vya mviringo, vimelaliwa na kuku na vinanuka kuku. Akameza vinne. Alipasuliwa ikatolewa yote minne. Nawaambia hiki kwa sababu hapa kwetu pia wapo mama zangu wanaoweka yai viza au jiwe jeupe kwenye kiota. Kuku anadanganyika, na nyoka anadanganyika kwa njia ile ile. Sijui kwa nini tunamcheka mmoja tu.

Nahamia kwa yule asiyekula, na hapa nitakaa kidogo.

Ulaya na Marekani, nyoka anayefugwa sana majumbani ni wa Afrika: chatu wa kifalme, yule mdogo wa Ghana, Togo na Benin, anayejiviringisha akafanya donge na kuficha kichwa katikati akiogopa. Chatu huyu ana sifa moja inayowanyima wenyewe usingizi. Anaweza kukataa chakula miezi. Si wiki, miezi. Panya analetwa, anatazamwa, anatolewa. Mwenye nyoka anampigia daktari karibu na kulia. Daktari anampima: mzima, misuli imejaa, macho maangavu, uzito umepungua kidogo sana.

Inawezekanaje? Ng'ombe wako asipokula siku tatu unaita watu. Tofauti ni kwamba ng'ombe, kama wewe na mimi, anachoma chakula usiku na mchana ili mwili uwe wa moto. Nyoka joto lake analitoa nje, kwenye jua na ardhi, kwa hiyo matumizi yake ya ndani ni madogo mno. Na akikosa chakula, anayapunguza tena. Mwaka 2007 mtafiti mmoja wa Marekani, Marshall McCue, alichapisha matokeo ya kuwanyima chakula nyoka wa aina tatu, akiwemo huyu chatu wa kifalme, kwa takriban miezi sita. Wengine walipunguza matumizi ya nishati ya mwili kwa kiasi kinachofika asilimia 72. La kushangaza zaidi, waliendelea kurefuka. Wanakonda, lakini wanarefuka.

Upande wa pili wa habari hiyo ni gharama ya kula. Chatu mkubwa wa Asia akipata mlo, moyo wake unanenepa. Watafiti walipima wakakuta misuli ya moyo imeongezeka asilimia 40 ndani ya siku mbili. Utumbo unakua, ini linakua, na kama mlo ni mkubwa sana, matumizi ya hewa ya oksijeni yanaweza kupanda hata mara 40. Mlo ukiisha kumeng'enywa, vyote vinarudi kuwa vidogo. Kula kwake ni kuwasha kiwanda kizima. Mnyama wa namna hiyo hali kwa mazoea ya saa saba mchana. Anakula pale ambapo hali ya mwili na ya nje inamruhusu kuwasha kiwanda.

Na kitu cha kwanza kinachomruhusu ni joto. Hapa ndipo ninapomjibu yule aliyeuliza kuhusu chatu wa jirani aliyegoma tangu Mei. Tabora tuko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Mei kiangazi kinaingia, na Juni na Julai usiku unatafuta blanketi. Chatu wa msituni anajua la kufanya: anaingia kwenye shimo la mhanga au chini ya kichuguu, asubuhi anatoka kuota jua. Chatu wa jirani yako yuko kwenye boksi la mbao, kwenye chumba cha sakafu ya saruji, kivulini. Hana jua la kuota. Akila panya usiku huo, mwili wake hauna joto la kumeng'enya. Panya ataozea tumboni. Kwa hiyo anakataa, na ana akili kukataa. Akilazimishwa, baada ya siku chache atamtapika akiwa ameoza, na nyoka aliyetapika amepata hasara mara mbili, kwa sababu kiwanda kiliwashwa bure. Baada ya kutapika asilishwe tena haraka. Apewe maji, apewe joto, aachwe wiki mbili kabla ya kujaribu tena na kitu kidogo.

Dawa ya chatu huyo ni kipimajoto. Upande mmoja wa boksi uwe na joto la nyuzi 30 hivi, upande mwingine uwe baridi kiasi, achague mwenyewe. Balbu iwekwe mahali asipoweza kuigusa, maana chatu akipata kitu cha moto hukizunguka mpaka aungue. Apewe na pango la kujificha: chungu kilichovunjika kinatosha, mradi kimbane kidogo mgongoni. Wengi hugoma kwa sababu tu wanaonekana kila upande na hawana pa kuingia.

Zipo sababu nyingine, hizi nazipitia haraka. Nyoka anayekaribia kuvua gamba macho yake huwa na ukungu wa samawati, haoni vizuri, hali, mwache. Dume msimu wa kupandana hali. Jike mwenye mayai, huyo ndiye bingwa. Chatu wa kusini mwa Afrika, jamii inayofika mpaka huku Tanzania, alifuatiliwa porini na Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliyechapisha matokeo mwaka 2018. Jike halili kipindi chote cha uzazi, zaidi ya miezi sita. Hubadilika rangi akawa mweusi ili anyonye jua vizuri, hujichoma juani, kisha hurudi shimoni kuyapasha mayai. Watoto wakishatoka hukaa nao kama wiki mbili zaidi. Wazee wanaosema chatu ni mama wa kweli hawakukosea.

Basi uhofu lini? Usihesabu siku, tumia mizani. Mpime kila wiki, andika kwenye daftari. Uzito ukishuka haraka, mfupa wa mgongo ukianza kujitokeza kama ukingo, mate yakawa mazito, akapumua kwa sauti au kinywa wazi, mlete. Chatu mtoto naye hana akiba. Huyo usimsubiri kama mkubwa. Lakini usimlishe kwa nguvu nyumbani. Nyoka ana tundu la kupumulia hapo hapo mbele, kwenye sakafu ya kinywa, na nyama iliyosukumwa na mkono usiojua huishia kuleta jeraha, au kifo.

Sasa naomba mpitishe hiki, taratibu, msikibane. Hicho mnachokiona ni ganda la yai la kwale, limekunjwa kwa urefu, limebanwa kama jani kavu. Halikuvunjwa na mtu. Limetoka kinywani mwa nyoka mla mayai, ambaye yupo huku kwetu, mwembamba, wa rangi ya kijivu na madoa, na wengi wenu mmekwisha kumuua mkidhani ni kifutu. Naye ana makosa kidogo, kwa sababu akiogopa hujikunja, husugua magamba yake yakatoa sauti kama ya nyoka wa sumu, na huruka kinywa wazi. Kinywa ambacho, ukikitazama, karibu hakina meno.

Niliwahi kumtazama mmoja akila. Yai lilikuwa pana kuliko kichwa chake mara mbili, tatu. Alianza kwa kulilamba hewani kwa ulimi pande zote, na hapo ndipo anapoamua, maana yai lililooza au lenye kifaranga kilichokua halitaki. Akaliegemeza kwenye mkunjo wa mwili wake lisiviringike, akafungua kinywa, ngozi ya shingo ikatanuka mpaka magamba yakaachana na katikati ukaonekana weupe wa yai. Lilipopita kichwani akatulia. Ndani ya shingo, mifupa ya uti wa mgongo ina ncha zinazochomoza kuelekea kooni. Akajipinda, tukasikia ganda likipasuka, dogo tu, *tik*. Uvimbe ukashuka taratibu kadiri ute na kiini vinavyokwenda tumboni. Kisha akapiga miayo mirefu, shingo ikajikamua kuelekea mbele, na hicho mlichoshika kikatoka.

Huyu ndiye nyoka anayekufa njaa kwenye boksi la mtu mwema. Mwenye boksi ameambiwa anakula mayai, anamwekea yai la kuku wa kisasa. Nyoka mdogo hawezi kulipanulia kinywa; kwake ni kama ukuta. Anahitaji mayai ya ndege wadogo, na mkubwa ndiye aweze ya kwale. Miaka ile ya homa ya kwale, kila mtu anafuga akiamini atatajirika, mayai yake yalikuwa rahisi kupata. Siku hizi utayatafuta. Tena anahitaji lisilosafishwa kwa sabuni, kwa sababu bila harufu ya ndege haliamini. Na porini hula kwa msimu: mvua zikinyesha, kwera wakifuma viota, anashiba, kisha anaweza kukaa miezi bila kitu. Ukimwona Agosti hali, hajakugomea wewe. Viota vimekauka.

Wafugaji wa nje wana ujanja kwa nyoka wenye chakula kimoja kama huyu. Kule Marekani yupo nyoka wa pua iliyopinda juu, ambaye porini kipenzi chake ni chura. Akipewa panya, hamtambui. Basi panya aliyekufa anasuguliwa kwenye ngozi ya chura, harufu inahama, na nyoka anakula panya akiamini amekula chura. Kidogo kidogo kule kusugua kunapunguzwa mpaka anamzoea panya mtupu. Chatu aliyezoea vifaranga naye hivyo hivyo, panya hupakwa manyoya ya kuku. Narudia, aliyekufa. Panya hai akifungiwa na nyoka asiye na njaa, panya ndiye anayekula, nimeshona migongo.

Swali la kujila. Ndiyo, hutokea, hasa kwa wale nyoka ambao porini hula nyoka wenzao. Hukutwa wamemeza mkia wao wenyewe, wakizunguka kama pete. Mara nyingi ni boksi dogo lenye joto kupita kiasi, nyoka amevurugika, au mkia umeshika harufu ya chakula. Ukimkuta hivyo, mtoe kwenye joto, na usivute, kwa sababu yale meno niliyowaambia bado yamepinda kuelekea kooni. Wapo pia waliokutwa wamemeza gamba walilovua. Si la kuogofya. Lakini kuwaweka nyoka wawili boksi moja na kuwatupia panya mmoja ni kutafuta nyoka mmoja mnene: wanashika ncha mbili, wanakutana katikati, na mwenye kinywa kikubwa haachi.

Limebaki la ng'ombe. Mzee wangu uliyeandika, nakuheshimu, na najua baba zetu wamelisema. Nyoka hana midomo laini wala mashavu ya kufyonza chuchu. Kinywa chake kimejaa sindano. Ng'ombe ambaye hurusha teke kwa sababu kucha za mkamuaji ni ndefu, atasimama kimya achomwe sindano hizo kwenye kiwele? Nyoka aliyefungiwa bila maji siku nyingi akiwekewa bakuli la maziwa atakunywa, maana ana kiu, na hapo ndipo wengi walipomwona. Zizini anafuata panya wanaofuata pumba. Ng'ombe akiamka kiwele kimelegea, mimi huanza kwa kupima kama ana ugonjwa wa kiwele, kisha nauliza nani aliamka mapema kuliko wewe.

Haya, naona mikono imeshanyanyuka huko nyuma. Tuanze na yule mama mwenye kitenge cha njano.